Kitasa cha Chumba cha Uani

Babu alikuwa hanywi chai mpaka amalize kukata gazeti. Mkasi wake ulikuwa wa fundi cherehani, mkono mmoja umezungushiwa kitambaa kwa sababu plastiki yake ilikatika kabla sijazaliwa. Anakaa kwenye kigoda mlangoni, anafungua gazeti kwa nyuma, habari za wakubwa anazipita kama anayepita harusi asiyoalikwa, mpaka anafika ukurasa wa matangazo madogo madogo. Hapo ndipo anakata. Vyumba tu. Magari, mashamba, mbwa waliopotea, vyote anaviacha, na gazeti linabaki na matundu kama jengo ambalo halijatiwa madirisha. Vile vipande anavibandika kwenye daftari la shule kwa gundi. Hafuati mpangilio wa gazeti, anafuata mpangilio wa miguu yake: chumba cha kuonyesha kwanza, cha pili, mpaka cha mwisho kilicho karibu na nyumbani. Chai imeshapoa. Anainywa hivyo hivyo, anasema chai ya moto ni ya watu wasio na safari.

Alikuwa dalali wa vyumba. Viwanja hakugusa, nyumba nzima hakugusa. Vyumba, tena vya watu wa kawaida. Mtaani walimwita Mzee Hodi, kwa sababu mlango wowote, hata wa chumba kitupu, aliupigia hodi mara tatu akangoja. Wateja wakicheka anawaambia chumba nacho kina haya zake, kipeni muda kijifunike.

Mimi ni mjukuu wake. Shule niliiacha darasa la nne, macho yake yalipoanza kuona herufi ndogo kama sisimizi. Yeye anakata, mimi namsomea. Kwa hiyo kusoma kwangu kwingi nimekupata kwenye vyumba vya watu. Babu ndiye aliyenifundisha kusoma na kile kisichoandikwa. Wakiandika "karibu na barabara", hutalala. Wakiandika "kwa mtu mstaarabu", mwenye nyumba anachungulia dirishani. "Kinafaa mtu mmoja" maana yake huyo mtu mmoja asiwe mnene. Tulikuwa tunacheka sisi wawili, sabuni ya kufulia ikinuka uani, na majirani wanashangaa gazeti gani hilo linalochekesha watu asubuhi yote.

Lakini yeye mwenyewe alipomwandikia mtu tangazo hakuwa anaficha. Wenye nyumba wa mtaa wetu wengi walikuja kwake awaandikie, maana gazeti linakubali maneno kumi na tano na watu wengi wakipewa maneno kumi na tano wanayamaliza kwa salamu. Chini ya tangazo anaweka "Muone Mzee Hodi" na namba ya simu, ambavyo havihesabiwi. Na kwa kuwa jina lake lipo pale, kilichoandikwa lazima kiwe kweli. Akienda kukuonyesha chumba anaanza na ubovu. Bati linavuja hapa. Huyu jirani anakohoa. Ukishavumilia ubovu ndiyo anakuonyesha uzuri.

Alikuwa na masharti mengine mawili. Hamuulizi mtu kwa nini anahama, kwa sababu anayehama ana kidonda na wewe si daktari. Na mteja akishapata chumba, kabla ya kupeana mkono, anamwambia maneno yale yale, nimeyasikia mpaka nayasema usingizini: "Kabla hujaingiza kitanda, badilisha kitasa. Hujui ufunguo wa pili unalala kwa nani."

Kitasa chetu sisi hakijabadilishwa.

Tulikaa chumba cha uani, upande wa nyuma wa nyumba ya Mama Mwenye Nyumba. Vyumba vya uani vilikuwa viwili, mapacha, ukuta mmoja katikati: chetu, na cha Nesi anayefanya kazi zahanati. Kitasa chetu kilikuwa kimechoka kabisa. Kukifungua ni lazima uinue mlango kwa goti, uzungushe ufunguo nusu, urudishe kidogo, ndiyo kikubali. Nesi alishamwambia Babu mara nyingi, mzee wangu siku moja utafia nje na ufunguo mkononi. Babu anacheka, anasema kitasa na yeye ni rika moja, wanaelewana.

Sababu ilikuwa mama yangu. Aliondoka nikiwa na miaka minne. Alikuwa amepata kazi mji wa mbali kupitia mwanamume ambaye Babu hakumpenda, na asubuhi ile, mkasi ukiwa mkononi, Babu alimwambia, "Ukivuka kizingiti hicho, usirudi kunigongea." Mama alinishusha chini kutoka mgongoni, akachukua begi, akavuka. Jioni yake Babu akaona msumari wa pembeni ya mlango hauna kitu. Ufunguo wa pili ulikuwa unaning'inia pale. Nesi aliyenisimulia haya anasema Babu alikaa akiutazama ule msumari mpaka chakula kikalala.

Kesho yake akawa ameshapata maelezo. Mtu anayeondoka moja kwa moja hachukui ufunguo, alisema. Amechukua ili akirudi asigonge. Mimi nimemkataza kugonga, na yeye ni mtoto msikivu, hatagonga, atafungua. Maelezo hayo aliishi nayo miaka kumi na moja. Simu zilibadilika, namba zikapotea, yule mwanamume tukasikia amekufa. Mama alibaki na kitu kimoja tu cha kumrudisha kwetu, ufunguo wa mlango ule. Kwa hiyo mzee aliyehamisha nusu ya mtaa, yeye hakuhama. Vyumba vizuri kuliko chetu vilipita mikononi mwake kila wiki, akawapa watu.

Sasa Mama Mwenye Nyumba. Sitaki mtu amfikirie vibaya. Alikuwa mjane, na mumewe alipofariki Babu ndiye aliyesimamia kila kitu mpaka kaburini. Lakini wateja wa Babu walianza kubisha geti jua halijatoka. Walikanyaga sakafu iliyotoka kupigwa deki, waliomba maji, waliegesha baiskeli kwenye nguo zilizoanikwa. Mama Mwenye Nyumba alikuwa anasema kwa kucheka kwamba uani kwake kumekuwa stendi, ananunua kengele na yeye awe anaita abiria. Babu akicheka naye. Aliyachukulia maneno yale kama utani, na labda mwanzoni yalikuwa utani.

Siku moja mchana alikuja akakaa kwenye kizingiti chetu. Akasema anataka tangazo. Chumba cha uani, mpangaji anaondoka mwisho wa mwezi. Babu hakuuliza mpangaji gani, maana hilo ndilo sharti lake. Nesi alikuwa ameshatwambia anahamishiwa zahanati nyingine, kwa hiyo kwa Babu jambo lilikuwa wazi. Akaniambia nishike kalamu, akafumba macho kama anavyofanya akihesabu maneno, akanitajia.

*Chumba cha uani, kikubwa, hewa safi, mwanga wa asubuhi, maji karibu, kwa familia ndogo tulivu.*

Kumi na tano. Mama Mwenye Nyumba wakati wote huo alikuwa anakunja na kukunjua upindo wa nguo yake. Hakutazama karatasi. Alikuwa anatazama sufuria zetu. Niliona, lakini sikusema kitu. Mimi si msemaji, na nilidhani labda ana shida zake.

Aliposimama alimshika Babu mkono kwa mikono yote miwili. "Mungu akuzidishie, mzee," alisema. "Umenirahisishia. Sikujua ningeanzia wapi."

"Maneno kumi na tano tu, mama," Babu akamjibu. "Hata kikohozi ni kirefu kuliko hivyo."

Baadaye Mama Mwenye Nyumba aliniapia kwamba alidhani Babu ameelewa. Alidhani mzee, kwa heshima yake, anakubali kimya kimya na kujiandikia mwenyewe tangazo ili asimtie aibu. Alirudi ndani akalia, alisema, kwa jinsi alivyomwona ni muungwana.

Tangazo lilitoka Ijumaa. Babu alilikata mwenyewe, akalibandika mwisho wa ukurasa kwa kuwa ndicho chumba cha karibu kuliko vyote. Alikuwa na wateja wawili, kijana fundi wa kuchomelea mageti na mkewe, wana mtoto mchanga. Alhamisi walikuwa wamezunguka naye vyumba vitatu na hakuna kilichowafaa. Ijumaa, saa nne asubuhi, akaja nao uani, daftari kwapani, anawaambia hiki mtakipenda, wala sisemi zaidi, jirani yenu nitakuwa mimi na ubovu wangu.

Akasimama mlangoni kwa Nesi. "Hodi. Hodi. Hodi." Akangoja.

Nesi alitoka na povu mikononi. Babu akamweleza kwamba amemletea wageni waone chumba. Nesi akawatazama, akacheka, akasema uhamisho alipewa mwenzake tangu wiki iliyopita, yeye yupo sana. "Mzee Hodi, unataka kunifukuza na mimi bado nakudai hadithi?"

Babu naye akaanza kucheka. Akafungua daftari amwonyeshe tangazo. Mama Mwenye Nyumba alikuwa kwenye beseni anasuuza mashuka. Alisimama, shuka linadondosha maji miguuni mwake.

"Mzee," alisema, "sio mlango huo."

Mimi nilikuwa nimekaa kwenye kigoda, mlangoni kwetu. Babu aliangalia kipande cha gazeti, akamwangalia Mama Mwenye Nyumba, kisha akaniangalia mimi. Nilimwona anavyoelewa. Ilianzia mikononi. Alilifunga daftari polepole, akalilainisha jalada kwa kiganja kana kwamba limekunjamana, na halikuwa limekunjamana. Nesi akaanza kusema, lakini mama, na Babu akamwinulia mkono anyamaze.

Halafu akawageukia wale vijana. Akawaomba radhi kwa kuwapeleka mlango usio wao. Kutoka kwa Nesi mpaka kwetu ni hatua nne. Alizitembea, akasimama mbele yangu kama hanijui, akaangalia mlango ulio wazi.

"Hodi," akasema. "Hodi. Hodi."

Nikasimama, nikasogeza kigoda. "Karibuni," nikasema.

Alianza na ubovu. Kona ile pale juu ya kitanda inavuja mvua ikija na upepo kutoka nyuma, wekeni ndoo, msiweke nguo. Dirisha kubwa halifungi vizuri, chomekeni karatasi. Swichi ya taa ina mtikisiko, iguseni kwa kidole kikavu. Sauti yake ilikuwa ile ile ya kazini, haikupanda wala haikushuka. Kisha akawaonyesha uzuri, jua la asubuhi linapoingia, linafika hapa, saa moja linakuwa hapa, mtoto akilazwa hapa anaota jua na halimuumizi macho. Alijua mahali penyewe. Ndipo nilipolazwa mimi, na mama kabla yangu.

Yule mke alikuwa anatabasamu. Nilimwona anavyopima kwa macho kitanda kitakaa wapi. Mumewe alikuwa ameinama mlangoni, mikono ya ufundi haitulii, anazungusha ufunguo wetu.

"Baba," mke akasema, "watu uliowapa vyumba wanasema huwa unawaambia waanze na kitasa. Na hiki nacho?"

"Hiki kimekufa kabisa," mumewe akasema. "Nina kipya, nakifunga siku ile ile tunayoingia."

Babu alikuwa amesimama karibu na ule msumari mtupu. Angeweza kusema lolote. Angesema kitasa hiki kina siri yake, nitawafundisha kukifungua, na wangemsikiliza, kwa kuwa alikuwa mzee na walimheshimu. Nilimngoja aseme hivyo. Kwa mara ya kwanza maishani nilitaka Babu adanganye watu.

"Badilisheni," alisema. "Hujui ufunguo wa pili unalala kwa nani."

Akawapa mkono.

Nesi alitaka kwenda kumsemea. Hata Mama Mwenye Nyumba mwenyewe alikuja jioni, macho mekundu, akasema mzee kaa miezi mingine, nitawarudisha wale, mimi sikujua kwamba hukujua. Babu alimpa kigoda, akamwambia yameisha. Tangazo limeshatoka, alisema, na jina lililo chini ni langu. Watu wamekuja wakaonyeshwa na wamependa. Nitawaambia nini, kwamba Mzee Hodi siku hizi anatangaza vyumba visivyokuwepo? Wala wewe hukukosea. Mimi ningeuliza neno moja tu, anayeondoka ni nani, ningejua.

Mama Mwenye Nyumba alipoondoka, Babu aliniuliza kitu ambacho hakuwahi kuniuliza.

"Ukikutana naye njiani, utamtambua?"

"Nitamtambua," nikasema.

Sura ya mama siikumbuki. Nakumbuka mgongo wake, ulivyokuwa na joto, na siku ile ardhi ilivyokuwa ya baridi aliponishusha. Hilo sijamwambia Babu mpaka leo.

Asubuhi zilizofuata nilimsomea matangazo na yeye akayasikiliza kama mteja. Ilikuwa vigumu kumtazama. Chumba cha ghorofani chenye hewa, akatikisa kichwa. Chumba kwenye uchochoro wa tatu baada ya duka la vioo, kushoto, akakataa kabla sijamaliza. Akachagua chumba nyuma ya mashine ya kusaga nafaka, ambacho yeye mwenyewe asingempa adui yake, maana mashine inanguruma kutwa na unga unaingia mpaka kwenye nywele. Nilimuuliza kwa nini. Akasema kinaelezeka. Mtu yeyote akiuliza mashine ya kusaga iko wapi anaonyeshwa, hata na mtoto.

Ndipo nikajua anataka kufanya nini.

Tulikwenda pamoja mpaka ofisi ya gazeti, kwenye lile dirisha dogo wanapopokea matangazo. Dada wa dirishani anamfahamu, akamtania kwamba leo mzee kaja na mlinzi. Babu alimpa karatasi niliyoiandika. Dada akasoma, akaacha kucheka. Akasema taratibu kwamba upo ukurasa wa wanaotafutana, tena unawekwa na picha.

"Hapana, mwanangu," Babu akasema. "Weka kwenye vyumba. Huyu hasomi kwingine. Amekulia kwenye ukurasa huo, alikuwa ananishikia gundi."

Dada akahesabu kwa ncha ya kalamu. Akasema ni kumi na nne, mzee amebakiwa na neno moja. Babu akafumba macho. Nyuma yetu watu walikuwa wamepanga foleni na mmoja akaanza kuguna. Mwishowe akalisema, dada akaliandika. Lilitoka hivi:

*Chumba cha uani hatumo tena. Tuko nyuma ya mashine ya kusaga. Mwanangu, njoo ugonge tu.*

Asubuhi lilipotoka Babu hakulikata. Aliliacha ndani ya gazeti, peke yake, likiwa limezungukwa na matundu. Simu ililia mara tatu siku hiyo na kila mara aliipokea kabla haijamaliza mlio wa kwanza. Watatu wote walikuwa wanauliza kama hicho chumba cha nyuma ya mashine bado kipo, na ni kikubwa kiasi gani. Aliwajibu vizuri. Aliwaambia kimepata mtu.

Mwisho wa mwezi tulihama. Vitu vyetu vilijaa mkokoteni mmoja na nafasi ikabaki, kitu ambacho kiliniaibisha kidogo, miaka yote ile na mkokoteni haujai. Fundi na mkewe walikuwa wameshafika. Mume alikuwa amepiga magoti mlangoni, anafungua kitasa cha zamani kwa bisibisi, na kilikuwa kigumu, skrubu zimeshikana na mbao. Kilipotoka kiliacha tundu, mwanga ukapita katikati ya mlango. Babu akakiomba. Fundi akakifuta kwa shati lake, akampa kwa mikono miwili.

Kisha Babu alimwita yule mke pembeni, karibu na pipa la maji. Mtoto alikuwa amelala begani kwake. Babu akasema naye polepole, na mimi nilikuwa karibu nikasikia.

"Akija mwanamke akahangaika na mlango wenu, msimdhanie mwizi. Mwambieni kitasa kimebadilika. Mwelekezeni kwenye mashine."

Yule mke akaitikia. Akauliza, atakuwa mtu wa namna gani, baba? Babu akakigeuza kile kitasa mkononi. Akasema atakuwa na ufunguo.

Huwa napita pale, siku ambazo Babu yupo na wateja upande mwingine. Mke wa fundi akiniona getini anatikisa kichwa kabla sijauliza, kisha ananiletea maji. Mtoto wao ameshaanza kutambaa, na asubuhi wanamlaza pale pale Babu alipowaonyesha. Babu mwenyewe hapiti. Tangazo la mtaa ule likitoka analikata, anampa dalali mwingine, anasema miguu yake haifiki siku hizi. Kwingine kote inafika.

Siku ile ya kuhama alizunguka chumba kitupu mara moja. Aliung'oa ule msumari kwa kipini cha mkasi, akaudumbukiza mfukoni pamoja na kitasa, vikagongana. Alipofika mlangoni mkono wake ukaenda wenyewe mahali pa ufunguo, ukakuta kitasa kipya kinang'aa, ukarudi. Akawaambia wenyewe kwaherini, kama mgeni. Akavuka kizingiti, akapita kwa Nesi aliyejifunika uso kwa taulo, akapita kwa Mama Mwenye Nyumba aliyeshindwa kutoka dirishani, akalisukuma geti kwa bega na kutoka.